Chunjua za Ng'ombe

Tartu, Januari. Mto Emajõgi umeganda tangu Krismasi,
ufunguo wa maabara unanata kidoleni kwa baridi.
Nawasha taa moja tu,
maana sipendi kuonekana nikizungumza na chupa.

Chupa ni mbili. Kabati la joto, digrii thelathini na saba,
joto la mtu aliyelala karibu nawe.
Ndani yake seli za hamsta aliyekufa kabla sijazaliwa:
zinagawanyika, zinagawanyika, hazina habari ya msiba.

Tulizipa jeni ya konyeza, ile ing'aayo kijani,
tukaifunga katika pete ya DNA, plasmidi,
pete isiyo na kidole.
Chupa ya kushoto, pete tupu.
Ya kulia, pete yenye kipande cha virusi
vya chunjua za ng'ombe. Kipande tu:
meno tumeyang'oa, tumebakiza ukucha.

Ülo, msimamizi wangu, husema kama mtu anayelipia maneno:
"Kuingia si kazi. Kazi kubaki."
Na kweli, nyumba yenye mlango mbovu haikosi wageni.
Shida ni ule usiku wa kugawana,
kuta za kiini zinapoyeyuka
na kromosomu kujipanga katikati, kimya,
kisha zinavutwa, hizi huku, hizi kule,
na kuta zinajengwa upya upesi upesi
bila kuhesabu nani kaachwa nje.
Pete tupu huachwa nje.
Asubuhi hakuna anayeuliza ilikuwa ya nani.

Lakini yenye ukucha ina protini
iliyojifunza kazi kwenye ngozi ya ng'ombe:
mkono mmoja umeshika pete,
mwingine umeshika kromosomu ipitayo.
Haijiandikishi katika kitabu cha ukoo,
haichani ukurasa, haigusi hata herufi.
Inadandia.
Wenzake wakivuka, nayo imevuka.

Siku ya kumi tuliondoa dawa,
ile iuayo kila seli isiyo na pete.
Tangu hapo hakuna anayelazimishwa kukumbuka.
Siku ya thelathini umeme ulikatika
nikazikumbatia chupa zote mbili ndani ya sweta,
sikupendelea, ingawa moyo ulikuwa kulia.

Leo ya sitini. Nahesabu kwenye darubini.
Kushoto, zing'aazo mbili katika mia.
Kulia, themanini na saba.
Narudia, maana Ülo atauliza kama nilirudia.
Themanini na nne.
Naandika zote mbili.

Jioni nampigia Bibi Leida, kule Võru.
Alikamua ng'ombe arobaini katika shamba la ushirika,
na chunjua zikizuka chuchuni
alifunga uzi wa sufi mafundo, fundo kwa kila chunjua,
akauzika chini ya jiwe. Uzi ukioza, zinadondoka.
Nilimcheka. Nilikuwa na miaka kumi na minne
na kitabu kipya cha baiolojia.

Namweleza leo: Bibi, ule ugonjwa wa chuchu,
tumeuazima namna yake ya kung'ang'ania,
ili seli zitutengenezee dawa miezi na miezi
bila kusahau tulichozituma.
Kimya. Namsikia akizima redio.

"Na yule ng'ombe?"
"Yupi, Bibi?"
"Mliyemkata chunjua. Alipona?"

Nimepekua makaratasi hadi saa tano.
Kuna namba ya pete, urefu wake kwa herufi,
kuna namba ya friza na ya rafu.
Ng'ombe hayumo.

"Basi mwite Mustik," alisema, "weusi walikuwa wavumilivu,"
akakata simu, kwa kuwa dakika ni pesa.

Nimeliandika daftarini, pembeni,
kwa penseli, nje ya mistari.
Tuone kama litabaki.